Maji ya Ukweni

"Kunywa, Evodia. Ukoo mzima unakuangalia."

Mutalemwa alinong'ona huku akitabasamu kwa ajili ya wageni. Mbele yao alisimama mama yake, Mama Gaudiosa, ameshika kwa mikono miwili glasi ya maji ya chemchemi ya nyumbani kwao, kijijini Muleba. Katika familia hiyo mchumba haingii ndani kama mke kabla hajanywa maji hayo mbele ya watu. Mama Gaudiosa mwenyewe aliyanywa alipoletwa hapo, binti mbichi kutoka Rubafu, na hadithi hiyo huwa hachoki kuisimulia.

Evodia aliitazama glasi. Maji yalikuwa meupe, hayana hata chembe ya uchafu. Tatizo ni kwamba Evodia haamini macho linapokuja suala la maji. Yeye ni mtaalamu wa maabara inayopima maji ya mji wa Bukoba, na wiki hiyo kijiji kilikuwa kimeomba chemchemi hiyohiyo ipimwe ili ivutiwe bomba hadi shuleni. Sampuli aliichota yeye, na majibu aliyasoma yeye.

"Samahani, mama," alisema. "Sitakunywa."

"Hutakunywa?" shangazi mmoja alidakia. "Tukuletee soda?"

Watu wakacheka. Mama Gaudiosa hakucheka.

"Kwa nini, waitu, mwenzetu?"

"Mama, yana vijidudu vya kinyesi. Majibu yalitoka jana. Nilimpigia Mutalemwa nikamwomba akueleze kabla hatujafika."

Mama alimgeukia mwanawe. "Alikuambia?"

Mutalemwa alikohoa. "Aliniambia kitu kama hicho. Nikajua ni utani."

Utani! Evodia alihisi mashavu yakimwaka.

"Mawe!" Mama Gaudiosa alimaka kwa Kihaya, akaiweka glasi mezani kwa kishindo. "Mtoto wa Nyanga, kwenu mjini mnakunywa maji ya bomba yananuka dawa, halafu unakuja kwangu kuniambia mimi nakunywa kinyesi?"

"Sijakusema wewe, mama. Nimesema maji."

"Maji haya ndiyo mimi! Nimelea watoto saba kwa maji haya!"

Shughuli ikaharibika hapohapo. Matoke yalipoa kwenye majani, wazee wakaendelea na rubisi yao, pombe ya ndizi, bila kumwangalia mtu usoni, na Evodia akaingia kwenye gari la Mutalemwa.

"Ungelowesha hata midomo tu," Mutalemwa alisema walipoikamata barabara ya Bukoba.

"Nikilowesha midomo leo, kesho nitaandika nini kuhusu watoto wa shule?"

"Yaani unafanya kazi hata siku ya kutambulishwa?"

"Na wewe unadanganya hata siku ya kutambulishwa?"

Mutalemwa akaongeza mwendo. Na tusifichane, binti alimpenda mwanaume huyu. Alimpenda tangu siku ile alipokwenda dukani kwake, duka la vifaa vya ujenzi, kununua koki ya bomba, akatoka na koki, namba ya simu na mbavu zinazouma kwa kucheka. Msimu wa senene alikuwa akimletea kazini zikiwa zimekaangwa tayari, zimefungwa vizuri. Mtu wa namna hiyo akikunyamazia kutoka Muleba mpaka mjini, barabara inakuwa ndefu.

Jumatatu, Bwana Byabato, mkuu wa maabara, alimwita Evodia.

"Mama mkwe wako amenipigia. Anasema una lako jambo na familia yao."

"Bosi, wewe mwenyewe uliyaona yale madoa ya njano ya vijidudu kwenye sahani ya kupimia."

"Niliyaona. Lakini wanataka wachote wenyewe, tupime upya. Nimemwambia alete." Byabato alivua miwani. "Na kanuni yangu unaijua."

Anaijua sana. Maji yaliyochotwa na mtu wa nje huulizwa kwanza kama yana klorini, ile dawa inayotiwa kwenye maji ya bomba kuua vijidudu. Byabato amekaa kazini miaka mingi na ameletewa kila aina ya ujanja ndani ya chupa.

Jumatano Mutalemwa aliingia mapokezi na chupa mbili, shati limenyooka, uso umechangamka.

"Nimechota mwenyewe alfajiri, mama amesimama pembeni," alisema. "Pima. Yakiwa safi, Jumamosi ukoo unakaa, wewe unaomba radhi, yameisha. Mimi sina kinyongo na wewe."

"Huna kinyongo na mimi?"

"Sina, mpenzi wangu."

Ndani, Evodia alimimina maji kidogo kwenye kichupa, akatia kidonge cha kupimia klorini, akatikisa. Maji ya chemchemi hayajawahi kuonja dawa, kwa hiyo yanatakiwa kubaki meupe.

Yakawa pinki.

Alisuuza kichupa kingine, akarudia. Pinki tena, pinki ya kung'aa kabisa. Alivuta stuli akakaa. Kisha akampigia mama yake mzazi, Verdiana, aliyekuwa nyumbani Nyanga, maana Mutalemwa akitoka kijijini hakosi kupita hapo kusalimia.

"Mama, Mutalemwa amepita hapo leo?"

"Ametoka sasa hivi! Kijana ana adabu yule. Kanisalimia, kanywa chai, akaomba kujaza chupa zake bombani. Nikamwambia, baba, chukua hata ndoo nzima. Kwani vipi?"

"Hakuna kitu, mama."

Mutalemwa alikuwa uani ameegemea gari. Evodia alimwonyesha kichupa bila kusalimia.

"Maji ya Muleba yameanza lini kuwekwa dawa?"

Uso wa mwanaume ulibadilika, halafu ukajikusanya upya.

"Evodia, nimefanya hivi kwa ajili yetu."

"Umechota maji kwenye bomba la mama yangu, ukaniletea mimi nidanganye watu. Kwa ajili yetu?"

"Andika safi, tufunge ndoa. Mwakani nitawachimbia kisima cha kisasa."

"Mpaka mwakani wanywe nini?"

"Wamekunywa siku zote, nani amekufa?"

"Mutalemwa, unajisikia unavyosema?"

Akamsogelea, sauti imeshuka. "Ukifungua mdomo Jumamosi, harusi hakuna. Chagua."

"Sampuli yako siipokei," Evodia alisema, na akaiweka juu ya boneti chupa ya pili aliyotoka nayo ndani. "Hilo ndilo chaguo langu la leo."

Ijumaa mchana ujumbe ukaingia: "Kadi zimeshachapwa. Kanisani wametangaza mara mbili. Umefikiria mama yako ataficha wapi uso wake?"

Evodia alijibu: "Mama yangu ana uso mzuri, hana sababu ya kuuficha."

Lakini baada ya kuutuma alikwenda chooni akalia mpaka kope zikavimba. Ujasiri haumzuii mtu kulia.

Jumamosi Bwana Byabato alisema hawezi kumwacha aende peke yake, akaendesha gari la ofisi mwenyewe. Chini ya turubai uani kwa Mama Gaudiosa walikaa wazee, akina mama na nusu ya kijiji. Mama alikuwa kwenye kiti cha mbele, amenyoosha mguu wake mbovu. Mutalemwa alikaa karibu yake.

"Haya, binti," alisema mzee Kahangwa, baba mdogo wa Mutalemwa. "Tunakusikiliza. Tumeambiwa una neno la kuomba radhi."

Evodia alisimama.

"Shikamooni wazee wangu. Mmeambiwa vibaya. Sijaja kuomba radhi."

Turubai zima likavuma.

"Maji ya chemchemi si salama kunywa bila kuchemsha. Na maji yaliyoletwa Jumatano hayakutoka hapa. Yana dawa ya bomba la mjini."

"Nani aliyaleta?" Kahangwa aliuliza.

"Yupo. Aseme mwenyewe."

Akamtazama Mutalemwa. Moyo wake wote ulikuwa unamwomba aseme. Akisema tu, alijiambia, nitasimama naye, nitaaibika naye, nitaolewa naye.

Mutalemwa alinyanyuka polepole, akafunga kifungo cha koti.

"Mimi nilichota hapahapa. Kama kuna dawa, ni huko maabara kwao wamechanganya chupa."

Bwana Byabato alifungua mdomo. Evodia akamzuia kwa mkono.

"Basi ngoja nimpigie mama yangu, niweke sauti kubwa, atuambie ulijaza chupa wapi."

Alishatoa simu. Mutalemwa aliitazama ile simu, kisha akatazama viatu vyake.

"Acha," alisema.

"Acha nini?" mama yake aliuliza. "Si ulichota hapa?"

Mutalemwa aliketi tena kitini. Mama Gaudiosa alimkazia macho, halafu akamrudia Evodia, sauti imepungua ukali.

"Sawa. Ya mwanangu nitayashughulikia. Wewe msomi nieleze hili. Maji haya yalimlea marehemu mume wangu na wanangu saba. Yameharibika lini?"

"Mama, mimi naamini yalikuwa safi kama unavyosema. Kuna kitu kipya. Mmejenga nini huko juu ya chemchemi siku hizi?"

"Juu hakuna kitu. Tumechimba vyoo vya wageni wa harusi tu, na hivyo viko kule bondeni."

Mzee Kahangwa aliguna. "Bondeni gani, shemeji? Vyoo viko juu, nyuma ya mibuni. Mimi mwenyewe nilishika kamba ya kupimia, na mafundi tayari wanavitumia."

Mama Gaudiosa aligeuka na kiti chake.

"Mutalemwa. Nilikuambia bondeni."

"Bondeni kuna mwamba, mama. Mafundi walikataa. Nilitaka viishe kabla ya harusi."

"Ukaja ukaniambia umechimba bondeni. Ulijua kwa mguu huu siwezi kupanda kukagua."

Evodia alisikia masikio yakimlia. Sasa ndipo yote yalipojipanga kichwani mwake.

"Kumbe ulijua," alisema. "Nilipokupigia simu kukuambia maji yana kinyesi, ulijua kimetoka wapi. Ukamwacha mama yako aendelee kunywa. Na mimi ukaninong'oneza ninywe."

"Evodia, tuongee pembeni."

"Pembeni tumeongea sana. Sema hapa."

"Niliogopa aibu! Wageni wote wale, ningeanza kusema nimechafua maji ya ukoo?" Sauti ilimkatika. "Nimekosa. Nisamehe. Bado tunaweza kufunga ndoa, nakuomba mbele ya wazee."

Kulikuwa na shangazi pale aliyekwisha kuanza kusema amsamehe, wanaume ndivyo walivyo. Evodia hakumsubiri amalize. Alivua pete, akaiweka kwenye meza ya wazee.

"Kukusamehe nitakusamehe, Mutalemwa. Kuolewa na wewe, sitaolewa."

"Kwa ajili ya choo?"

"Kwa ajili ya ile glasi."

Watu waligeuka kumwangalia Mama Gaudiosa, wakingoja alipuke. Alijiinua kwa fimbo yake na kuchechemea hadi mbele ya Evodia.

"Nilikutukana mbele ya watu, nami nakuomba radhi mbele ya watu haohao," alisema. "Maji yangu hayakuwa na kosa. Na wewe hukuwa na kosa. Nimepoteza mkwe, na aliyenipotezea nimemzaa mwenyewe."

"Mama..."

"Usilie hapa, waitu. Tuambie tufanye nini."

Wakateremka wote hadi chemchemini. Evodia aliandika kwa rangi nyekundu kwenye kipande cha ubao: MAJI HAYA SI SALAMA. CHEMSHA KABLA YA KUNYWA. Mama Gaudiosa akamnyang'anya brashi.

"Niachie niandike na Kihaya chini. Bibi zangu hapa wanasoma kile cha kitabu cha sala."

Akaandika kwa herufi kubwa, hajali rangi inamchafua kitenge. Bwana Byabato akasema ubao ubaki mpaka vyoo viondolewe na maabara ipime tena, na Mama akamjibu kwamba atakayeung'oa atakutana na fimbo yake.

Mutalemwa hakuteremka. Walimpita amekaa ndani ya gari lake, milango imefungwa.

Njiani kurudi Evodia alilia waziwazi, pua na macho, na Byabato akajifanya ana shughuli nyingi sana na usukani. Walipofika Muhutwe simu ya Evodia ikalia, ujumbe umeingia.

"Nani?" Byabato aliuliza.

"Yeye."

Ujumbe ulisema: "Siwezi kuishi bila wewe. Niambie kitu kimoja tu, chochote, nikifanye leo hii."

Evodia alijifuta machozi kwa kiganja, akafikiri kidogo, akaandika:

"Fukia choo."