Kosa la Kuazima

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya gwaride, Amuge alikuwa na shughuli ambayo Mwalimu Okwakol hakuijua. Aliketi nyuma kabisa ya darasa la Gredi ya Tano, akainakili kazi ya hesabu ya Alinga mbio mbio, kisha akatoka nje kucheza kana kwamba hakuna lililotokea.

"Wewe ulizaliwa na kichwa cha hesabu," alimwambia Alinga. "Mimi Mungu alinipa miguu ya kukimbia. Kila mtu na chake."

Alinga, aliyependa sifa kuliko mandazi, alicheka na kumsogezea daftari.

Lakini siku za mwizi ni arubaini. Ijumaa moja Mwalimu Okwakol aliwaita wote wawili ubaoni, akaandika: nusu jumlisha theluthi moja.

"Katika madaftari yenu nyote mmepata mbili juu ya tano," alisema. "Alinga, ulikosea wapi?"

Alinga alijikuna kichwa, akatazama, halafu akatoa macho. "Ai, mwalimu! Nilijumlisha juu, nikajumlisha na chini! Nilikuwa na nusu, nikaongezewa, halafu nikabaki na kidogo kuliko nusu. Haiwezekani!"

Darasa zima liliangua kicheko, na Alinga mwenyewe akacheka.

"Na wewe Amuge, ulikosea wapi?"

Amuge alitazama viatu vyake. "Sijui, mwalimu."

"Ndiyo, huwezi kujua," mwalimu alisema kwa upole, na upole huo ulimuuma Amuge kuliko makaripio. "Alinga alikosea, na kosa lake limeshamfunza. Wewe hata kosa si lako, umeliazima. Jumatatu nitakupa hesabu nyingine kama hii. Utaifanya hapa ubaoni, peke yako."

Amuge alirudi nyumbani akiwa mnyonge. Jumatatu ilimtisha kweli, kwa maana alikuwa na hakika kwamba kichwa chake hakikuumbiwa hesabu.

Kwao Malaba palipakana na yadi ya malori. Shangazi yake, Atyang, kwa miaka mingi alikuwa tanboi, yaani msaidizi wa dereva, katika lori aliloendesha Mzee Gordon. Sasa leseni alikuwa nayo, na kesho yake, Jumamosi, Mzee Gordon angempima. Akiweza kurudisha trela kinyumenyume katikati ya mapipa mawili, mzee angemwombea usukani kwa mwenye malori. Kila jioni yadi ilipopungua watu, Shangazi alijifunza, na kazi ya Amuge ilikuwa kuyasimamisha mapipa matupu yaliyoangushwa. Yaliangushwa sana! Trela ni kiumbe kikaidi. Ukitaka mkia wake uende kushoto, unakata usukani kulia, na mikono hukataa kuamini.

Jioni hiyo pipa lilianguka tena kwa kishindo. Matanboi wengine walipiga miluzi.

"Anti, si uache tu?" Amuge alisema. "Wengine wamezaliwa na mikono ya usukani."

Shangazi alishuka, akachuchumaa nyuma ya trela. "Kuja uone. Hii alama ya tairi ni ya jana, hii ni ya leo. Jana nilichelewa kukata kule mbali. Leo nimechelewa hapa tu, karibu na pipa. Kosa linasogea, Amuge. Linakaribia kuisha."

Amuge aliinama, akashangaa. Vumbi lote la yadi lilikuwa limejaa mistari ya tairi, na kila mstari ulikuwa umenyooka zaidi kidogo kuliko wa kabla yake. Siku zote alikuwa akiinua mapipa asitazame chini.

Jumamosi yadi ilifurika watu. Shangazi alirudisha trela, na pipa la kulia likaanguka. Vicheko vilipasuka. Shangazi hakuwatazama waliocheka. Alishuka, akatazama alama zake, akapanda tena.

Safari hii trela ilianza kujipinda polepole. Chuma kile kirefu kuliko darasa la Amuge kilirudi nyuma taratibu, kikapita pipa la kwanza bila kuligusa, kikapita la pili, kikanyooka, kikatulia. Amuge alisisimka mwili mzima. Huyu kweli ni Anti yule yule wa jana? Kisha malori yakapiga honi kwa pamoja, na machozi yakamtoka.

"Mzee, amewezaje?" aliuliza.

"Hakuna dereva alizaliwa ndani ya trela, mama," Mzee Gordon alijibu, akimwinulia Shangazi dole gumba. "Mimi nikijifunza niliangusha ukuta mzima kule Bumala. Uliza mwenye ukuta."

Jumapili, baada ya kanisa, Amuge aliketi na hesabu zake. Alikosea, akakosea tena. Safari hii hakufuta. Aliyaacha makosa yake yalivyo na kuyachunguza, moja baada ya jingine, mpaka akaona mahali alipopotea. Alinga alipopita na kutaka kumpa jibu, Amuge alikataa. "Usiniambie jibu. Niulize tu nimekosea wapi."

Jumatatu mwalimu aliandika: robo jumlisha theluthi moja. Amuge akaandika mbili juu ya kumi na mbili. Mtu akaguna. Amuge akasita, akarudi hatua moja, akatazama.

"Ngojeni. Nimebadilisha chini, nikasahau juu. Robo ni tatu juu ya kumi na mbili. Theluthi ni nne." Akaandika jibu jipya: saba juu ya kumi na mbili.

Alinga ndiye aliyeanza kupiga makofi. Amuge alishika dasta afute lile kosa, lakini Mwalimu Okwakol akamzuia.

"Liache, walione. Watoto wangu, kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Akili hukua kwa kutumiwa, na hakuna anayeweza kuitumia akili yako ila wewe. Fanya kazi yako mwenyewe, hata ukikosea. Kosa lako litakufunza. La mwenzako halikufunzi kitu."

Kesho yake asubuhi, kabla ya gwaride, Alinga alimsogezea Amuge daftari kama kawaida.

Amuge alilirudisha, akitabasamu. "Weka yako. Leo niko na makosa yangu."