Pete ya Chuma ya Peilan

Peilan alitamani ardhi ipasuke immeze. Bakuli lake la tambi lilikuwa limemwagikia shati jeupe la kijana aliyesimama nyuma yake kwenye foleni, nje ya lango la chuo, jijini Chongqing.

"Dada, kama hunitaki si useme tu? Mbona unaniunguza?" kijana alisema, mchuzi wa pilipili ukimchuruzika kifuani.

Aliitwa Wen Shuo, mkemia kama yeye. Baridi ilipoingia walikuwa wapenzi.

Peilan alikuwa ametengeneza molekuli yenye umbo la pete, chuma katikati, ichukue nafasi ya kimeng'enya kwenye kipimo cha sukari ya damu. Kimeng'enya ni ghali na huharibika upesi. Pete yake ilikaa kabatini miezi na bado iligeuza maji yenye tone la damu kuwa bluu; sukari ikizidi, bluu hukolea. Zahanati ya mji wa kwao Peilan ilikubali kuijaribu. Mama yake, mgonjwa wa kisukari, alijiandikisha wa kwanza.

Siku ya jaribio Peilan alipanda treni kwenda nyumbani, roho juu. Milimani simu ilikosa mtandao. Aliposhuka tu ikalia. Profesa Gao, msimamizi wake chuoni.

"Nimesimamisha jaribio. Shuo amegundua kasoro."

Akampigia Shuo.

"Umenizunguka kwa profesa!"

"Lan, mpenzi, nimekupigia wee..."

"Usiniite mpenzi!" Akakata.

Nyumbani alimkuta mama kavaa sweta jekundu la sikukuu, anatafuna vidonge.

"Vya nini hivyo?"

"Vitamini C, mwanangu. Vinazuia mafua."

Peilan akatoa chupa ya kipimo chake mkobani, akamtoboa mama kidole. Maji yakawa bluu hafifu, kama ya mtu asiye na kisukari. Mashine ya zamani ya mama ikasema sukari iko juu mno.

Akampigia Shuo tena.

"Ni vitamini C, sivyo?"

"Inafuta rangi," Shuo alijibu. "Niliogopa wangemwambia mama apunguze dawa. Hukupatikana, Lan. Ningefanyaje?"

"Naogopa, Shuo. Kazi yangu yote..."

"Tutairekebisha. Lakini kwanza nielekeze nyumba."

"Nyumba gani?"

"Yenu. Nilipanda treni iliyofuata yako. Niko hapa stesheni, nimesimama kama mzigo uliosahauliwa."

Peilan alitoka mbio, ndala za mama miguuni, huku mama akiuliza nyuma yake kama mgeni anakula samaki.