Chupa Nyeupe ya Mama

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Ilham alionja. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake ya kwanza baada ya swala ya alfajiri. Mama yake, Sauda, alikoroga maharagwe ya nazi kwenye jiko la makaa, kisha akamnyoshea mwiko.

"Chumvi?"

"Iko sawa, Mama."

"Na sukari ya chai?"

"Sawa pia."

Zamani Sauda hakuhitaji ulimi wa mtu mwingine. Alikuwa mpishi wa harusi, na mji wote wa Mwingi ulijua mkono wake. Madereva wa malori ya Garissa walisimama kwake kununua mahamri hata kama hawakuwa na njaa. Lakini alikuwa pia mwanamke mnene sana, na unene huo haukuwa jambo la mzaha. Magoti yalimuuma hata akawa anaswali akiwa ameketi kitini. Ugonjwa wa sukari ulimtia ukungu machoni. Akilala, pumzi zake zilikuwa zikikatika, na Ilham akaamka kumtikisa. Alijaribu kujinyima chakula, kutembea na kunywa majani machungu ya kila aina. Unene ulipungua kidogo, kisha ukarudi pamoja na jamaa zake.

Mwishowe madaktari wa Nairobi walimfanyia upasuaji wa kupunguza tumbo. Tumbo lililobaki lilikuwa jembamba kama ndizi, na ladha ya vyakula ikambadilika ulimini. Waliomtibu walimwagiza ale vijiko vichache tu, atafune polepole, asinywe maji pamoja na chakula, na ameze vitamini kila siku maisha yake yote. Baba yake Ilham, Haroun, ambaye huendesha lori mpaka Mandera, aliijua habari hiyo. Ilham aliijua. Majirani waliambiwa kuwa Sauda amekwenda kumtembelea dada yake Malindi.

"Kwa nini tusiwaambie ukweli, Mama?" Ilham aliuliza.

"Watasema nimeshindwa kufunga mdomo mpaka nikakatwa tumbo. Niahidi, Ilham. Mtu akikuuliza kwa nini nakonda, sema malaria inanirudia rudia."

Ilham akaahidi. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na aliamini kuwa ahadi kwa mama ni kama amana.

Siri hiyo ilikuwa nzito kuibeba, hasa penye shughuli. Katika harusi zao, wanawake huketi wanne wanne wakizunguka sinia moja la pilau. Kila mmoja hula upande wake, na kila jicho huona upande wa nani umebaki mlima. Kwa hiyo Sauda alimketisha Ilham ubavuni mwake, na Ilham akala upande wake na wa mama yake kwa haraka, mpaka tumbo likamkaza kama ngoma.

Siku moja, katika harusi ya mtaani, waliketi sinia moja na Mama Jamal, jirani yao mwenye duka la leso na madera.

"Sauda, mbona wadonoa kama kifaranga?" Mama Jamal alisema, na wanawake wakacheka. "Au pilau ya wenzako haina mkono kama yako?"

"Nimeshiba tangu asubuhi, dada."

"Kushiba gani huko? Hebu!" Mama Jamal alichagua pande nono la nyama akalisukuma mbele yake. "Kula hili nione."

Macho yote yaligeuka. Sauda akalitia mdomoni akatafuna mara chache, akameza. Punde uso wake ulitoka jasho. Alisimama akakimbia nyuma ya hema kutapika, na mkoba wake ukaanguka. Chupa nyeupe ya tembe ikabingirika mpaka miguuni pa Mama Jamal. Aliiokota, akaigeuza, akairudisha mkobani bila kusema neno. Heri angesema.

Wiki iliyofuata, shuleni, msichana aliyeitwa Kaveke alimjia Ilham penye bomba la maji.

"Eti mama yako anameza zile dawa za Ukimwi za kila siku?"

"Hapana! Ana malaria."

"Malaria gani haiishi? Juzi alikuwa tangi la maji, leo ni kibuyu kilichokauka!"

Watoto waliokuwa kwenye foleni wakaangua kicheko. Ilham aliondoka bila kunywa maji. Aliporudi nyumbani alikuta beseni la mahamri bado limejaa. Madereva walikuwa wanavuka barabara kununua kwingine.

Jioni hiyo Sauda alichukua chupa nyeupe akaenda nayo chooni. Ilham alisikia tembe zikimwagika shimoni.

"Mama, daktari alisema umeze kila siku!"

"Bila tembe, hakuna maneno," Sauda alijibu. "Mungu atanilinda. Usimwambie baba yako."

Maneno hayakuisha. Kilichoisha ni nguvu za Sauda. Kutapika kulizidi, hata uji ukakataa kutulia tumboni. Miguu ilianza kufa ganzi. Alikuwa akitembea na ndara moja bila kujua kuwa nyingine imetoka. Ilham alimwona akishika ukuta ili afike mlangoni, na kila alipomsogelea, Sauda alimwambia, "Ni uchovu tu."

Kulikuwa na mtu mmoja aliyepiga simu mara kwa mara. Aliitwa Mbithe, mkulima wa Kalamba, upande wa Makueni. Yeye alifanyiwa upasuaji kama huo miaka iliyopita, na hospitali ilimpa kazi ya kuwafuatilia wenzake wa Ukambani na kuwakutanisha wazungumze. Sauda hakuwahi kwenda kwenye mikutano yao. Aliogopa kuonwa.

"Mwambie nimelala," alinong'ona kila simu ilipolia.

"Amelala, Shangazi," Ilham alisema.

"Huyo mama yako analala kuliko paka wa duka la mchele!" Mbithe alicheka. Kisha sauti yake ikabadilika. "Mwiitu wakwa, binti yangu, niambie. Vitamini anameza?"

Ilham alimtazama mama yake. Mama yake alimtikisia kichwa asiseme.

"Anameza."

Usiku aliswali, akaomba, "Ee Mola, mponye mama yangu." Akainuka kwenye mkeka moyo ukiwa mzito vilevile.

Alasiri moja alirudi kutoka shuleni akamkuta mama yake amelala kwenye sakafu ya jikoni, uji umemwagika kando yake. Macho yake yalikuwa yakichezacheza upande huu na huu, hayatui popote. Alimwita Ilham kwa jina la nyanya yake aliyekwisha kufa.

Ilham alipiga ukemi. Wa kwanza kufika alikuwa Mama Jamal, miguu mitupu, ushungi ukining'inia begani. Alimwinua Sauda kana kwamba anainua mtoto, akamwita mumewe alete pikapu, wakakimbilia zahanati.

Daktari Kaloki alimpokea. Alipima joto, akapima malaria. "Hakuna malaria hapa," alisema, akakunja uso. "Wewe ni binti yake? Amewahi kufanyiwa upasuaji wowote? Kuna dawa anazomeza?"

Mama Jamal alikuwa amesimama palepale, ameshika miguu ya Sauda. Ilham aliona jinsi alivyotega sikio.

"Hapana," alisema. "Huwa ni malaria tu."

"Hajala siku ngapi?"

"Hata maji anayatapika."

"Basi tumwongeze nguvu." Daktari alimgeukia muuguzi. "Andaa dripu ya maji ya sukari."

Muuguzi alitundika mfuko kwenye chuma, akaanza kutafuta mshipa kwenye mkono uliokonda. Ilham alifumba macho. Ee Mola, mponye, wala usinifanye nivunje ahadi. Alipofumbua, aliona mkono wa pili wa mama yake umeinuka hewani, vidole vimekunjwa kana kwamba vimeshika mwiko. Mama yake alikuwa anamnyoshea.

"Chumvi?" Sauda aliuliza kwa sauti ya mbali.

Jibu lilikuwa limezoea kutoka lenyewe. Safari hii halikutoka. Ilham alianza kulia.

"Haiko sawa, Mama," alisema. "Haiko sawa!" Kisha akamgeukia daktari, akasema kwa sauti ambayo Mama Jamal na chumba kizima waliisikia. "Nimedanganya! Alipasuliwa Nairobi. Walimpunguza tumbo. Alipewa vitamini za kumeza kila siku, akazimwaga chooni kwa sababu watu walisema ana Ukimwi."

"Simamisha hiyo dripu!" Daktari Kaloki alimwambia muuguzi. Alifunua tumbo la Sauda akaona makovu madogo. "Lete sindano ya vitamini kwanza. Haraka!"

Walipokwisha kumdunga, daktari alimwinamia Ilham. "Mwili wa mama yako umeishiwa na vitamini inayolinda neva na ubongo. Kama sukari ingetangulia, ingemaliza hata kile kidogo kilichosalia, na ubongo ungezidi kuumia. Umeniambia kwa wakati. Nani anaijua hospitali iliyompasua?"

"Shangazi Mbithe," Ilham alisema, akatoa simu ya mama yake.

Mama Jamal alikuwa ameketi chini. "Ni mimi," alisema, akijipiga kifua. "Niliiona ile chupa, nikaenda kusema dukani. Wallahi sikujua ni vitamini."

"Na kama zingekuwa za Ukimwi?" daktari aliuliza. "Zingekuwa dawa zinazomfanya mtu aishi, alee mwanawe. Aibu iko wapi hapo?"

Mama Jamal aliinuka, akarudi kushika miguu ya Sauda.

Jioni hiyohiyo gari la wagonjwa lilimpeleka Sauda Kitui mjini, Mama Jamal akiwa ameketi kando yake. Haroun aligeuza lori njiani akafika kesho yake, uso umejaa vumbi na machozi. Kwa siku nyingi haikujulikana kama Sauda atawatambua tena. Kisha asubuhi moja macho yake yakatulia, akamtazama Ilham, akasema, "Mbona hujachana nywele?" Haroun alitoka nje ili asionekane akilia.

Lakini si yote yaliyorudi. Miguu ilibaki na ganzi, na ilimbidi ajifunze kutembea kwa fimbo. Mambo mengine yalikuwa yakimponyoka akilini kama samli ya moto. Madaktari walisema huenda yatarudi polepole, na huenda mengine yasirudi kamwe.

Mbithe alikuja kutoka Kalamba na chupa ya uji mwepesi. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili.

"Sauda, umeniponza na usingizi wako!" alisema, akamshika mkono. "Unadhani ni wewe peke yako uliyeficha? Mimi niliwaambia watu wa kanisa kuwa nimekonda kwa kufunga na kuomba. Wakafurahi, wakanichagua niwaongoze kwenye mfungo mwingine. Siku ya pili nikazirai mbele ya kwaya!"

Sauda alicheka. Kilikuwa kicheko chembamba, cha kwanza baada ya majuma mengi. Halafu kikageuka kilio. "Niliona aibu, Mbithe. Nikamfundisha mtoto kusema uongo."

"Nami nilivunja ahadi niliyokupa, Mama," Ilham alisema, kichwa ameinamisha. "Nisamehe."

Mbithe alimvuta Ilham karibu. "Sikiliza, binti yangu. Siri njema humlinda mtu. Siri inayomuua mtu haina haki ya kutunzwa, hata kama uliiapia mbele ya mama. Tafuta mtu mzima unayemwamini, useme mapema, usingoje kama ulivyongoja. Uliomba Mungu amponye mama, sivyo?"

"Ndiyo, Shangazi. Kila siku."

"Naye alikupa mdomo. Hilo lilikuwa jibu."

Kisha akamgeukia Mama Jamal, aliyekuwa amejikunyata mlangoni. "Nasi watu wazima tujifunze letu. Husemwa kuwa mficha maradhi, kifo humuumbua. Kweli. Lakini anayemcheka mgonjwa ndiye anayemfundisha kuficha."

"Nimesikia," Mama Jamal alisema. "Nami nitalisema dukani, palepale niliposema lile la kwanza."

Alitimiza. Hakuwanyamazisha wote, kwa maana maneno ya mtaani hayazoleki. Lakini madereva wachache walirudi kununua mahamri, na Kaveke alimletea Ilham kikombe cha maji kwenye foleni ya bomba, akakitoa bila kumtazama usoni, akisema, "Pole." Ilham akakipokea. Kila mwezi Sauda alikwenda kwenye mkutano wa akina Mbithe, na chupa nyeupe sasa iliwekwa juu ya rafu ya jikoni, mahali ambapo kila mgeni aliiona.

Asubuhi ya kwanza aliyopika tena, aliketi kwenye kigoda, fimbo imelazwa kando, akakoroga maharagwe. Alitia chumvi. Alikoroga tena, akasahau, akatia nyingine. Kisha akamnyoshea Ilham mwiko.

"Chumvi?"

Ilham alionja. Alimtazama mama yake, akaitazama fimbo iliyolala kando yake.

"Imezidi, Mama."

Sauda alichungulia sufuriani. "Imezidi sana?"

"Sana."

"Basi lete maji tuipunguze," mama yake alisema, "kisha unipe ile chupa yangu."