Kastabini ya Mama Uzi

Nyumbani kwa diwani, hali ya jioni ilijulikana kwa funguo. Baba akirudi akaziweka mezani taratibu, watu walikula kwa amani. Akizitupa, mama alipunguza sauti ya televisheni, kaka mdogo alikumbuka ghafla kwamba ana kazi ya shule chumbani, na binti mkubwa, mwenye miaka kumi na miwili, alianza kuwaza leo amwige nani.

Binti huyo aliitwa Redio. Jina hilo alilipata darasa la tatu, siku alipomwiga mwalimu mkuu hadi wanafunzi wa darasa la jirani wakasimama wote kuamkia. Nyumbani kipaji chake kilikuwa na kazi maalumu. Baba alipofura, Redio aliigiza, baba akacheka, na hasira zikapita bila kumwangukia mama. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Aliianza mwenyewe akiwa mdogo, na hakujua namna ya kuiacha.

Baba naye alikuwa na jina lake mtaani. Walimwita Nyundo, kwa jinsi anavyopiga meza akihutubia. Walilitaja akiwa hayupo. Akiwepo, walisema Mheshimiwa na kutabasamu.

Jioni moja funguo ziligonga ukuta.

"Fundi cherehani," baba alisema. "Fundi cherehani kachukua fomu ya kugombea nafasi yangu. Mtu wa kupima watu viuno."

Uchaguzi wenyewe ulikuwa bado mbali. Kwanza chama kilipaswa kumchagua mgombea wake, na kwa miaka minane baba alikuwa akipita peke yake, bila hata mtu wa kukohoa mbele yake.

"Si ana haki, Baba Redio?" mama alisema polepole huku akipakua mchuzi. "Naye ni mwanachama."

Hapo mama alikosea hesabu. Baba aligeuka, akamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Na hilo gauni kakushonea nani? Sema. Au umeshampa na kura yako? Nafuga adui jikoni kwangu, namlisha."

Mama alirudisha upawa ndani ya sufuria. Redio aliona, akasimama haraka. Aliinamisha bega la kushoto, akakunja shingo, akaanza:

"Wa-wa-wa-wanachama wenzangu. Na-na-naomba..."

Fundi alikuwa na kigugumizi, na hiyo ilikuwa sauti yake hasa. Redio aliijua vizuri kwa sababu fundi alikuwa mama wa Uzi, rafiki yake waliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza. Uzi alikuwa mwembamba na mrefu, ndiyo maana ya jina lake. Kila siku baada ya masomo Redio alipitia kwenye karakana ya Mama Uzi, akasaidia kushona vifungo, akapewa chai.

Baba alicheka mpaka akatoa leso kufuta macho. Mama akapata nafasi ya kukaa.

"Na hicho kidole?" baba aliuliza. "Mbona unagonga paja?"

Redio angeweza kusema hajui. Lakini baba alikuwa anacheka, na nyumba nzima ilikuwa inapumua.

"Ana kastabini, baba. Kile kikofia cha chuma cha kuzuia sindano isimchome kidole. Neno likimkwama, anagonga mara tatu, halafu linatoka. Bila kugonga hawezi."

Mama Uzi mwenyewe ndiye aliyemwambia, siku Redio alipomuuliza bila haya. "Nalibishia hodi," alisema akicheka. "Wateja wanadhani nahesabu mishono. Tunajua watatu tu, mimi, Uzi na wewe."

Baba aliacha kucheka. Alionekana anafikiri.

Mkutano wa kwanza ulifanyika Jumamosi katika ukumbi wa tawi. Utaratibu wa chama ulikuwa mmoja. Wagombea waliletwa kwa gari moja, wakakaa meza moja, kila mmoja akapewa dakika kumi. Katibu wa tawi alikuwa na kengele ya mkononi. Akiigonga, unanyamaza hata kama neno liko nusu mdomoni.

Baba alianza. Hakusema lolote kuhusu soko wala maji. Alisema mpinzani wake ni mwanamke aliyeshindwa kumtunza mume, sasa anataka kutunza kata. Akasema suruali alizoshona zimewaaibisha wanaume watatu waliokuwepo pale, akawataja. Ukumbi ulicheka. Waliotajwa pia walicheka, maana wangefanya nini.

Zamu ya Mama Uzi ilipofika, alisimama na karatasi yake. "Ndugu wana-wana..." Neno likakwama. Mkono wake wa kulia ukashuka pajani.

Ngo, ngo, ngo. Haikuwa kastabini. Vijana wa baba waliokaa nyuma waligonga viti kwa vidole, wote pamoja. Mama Uzi alishtuka. Akajaribu tena, mkono ukashuka, nao wakagonga tena kabla yake. Kufikia mara ya nne ukumbi mzima ulikuwa ukigonga, hata wazee wa heshima zao, huku wakicheka. Yeye alisimama mdomo wazi, kidole hewani, hana pa kubisha. Kengele ilipolia, alikuwa hajamaliza sentensi ya kwanza.

Uzi alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wa mama yake. Hakulia. Alizungusha macho ukumbini mpaka akampata Redio, aliyekaa na mama yake, akamtazama, wala hakuhitaji kuuliza.

Jumatatu Uzi alihamia dawati la mwisho. Mwalimu alipomwita asome, sauti moja ya kugonga ilitoka upande wa madirisha. Ikafuata nyingine. Watoto hawahitaji kufundishwa ukatili mara mbili. Punde darasa zima liligonga madawati, na Uzi, ambaye hana kigugumizi hata chembe, akaanza kukwama kwa hofu. Wenzake walimtazama Redio kuona yeye atafanyaje. Kidole chake kikagonga. Aligonga taratibu, mara tatu, lakini aligonga.

Siku hiyo alirudi nyumbani moja kwa moja. Karakana aliipita upande wa pili wa barabara, akijifanya anatafuta kitu ndani ya mkoba.

Siku ya kupiga kura iliangukia Jumapili, katika ukumbi uleule. Wanachama hawakutumia karatasi. Baada ya hotuba, kila mmoja alikwenda kusimama nyuma ya mgombea anayemtaka, na katibu akahesabu vichwa. Asubuhi baba alimletea Redio viatu vipya.

"Leo utanifungulia dakika zangu," alisema, funguo zikiwa zimetulia mezani. "Panda jukwaani, fanya kama ulivyofanya siku ile. Sauti, bega, kila kitu. Ukiwachekesha wewe, mtoto, yule mama amekwisha."

"Baba, naogopa."

"Unaogopa nini? Mwanangu hana woga."

Redio alimtazama mama. Mama alikuwa akipiga pasi shati la baba na hakuinua macho.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Baba alishika kipaza sauti, akamtambulisha binti yake, watu wakapiga makofi. Redio alipanda. Kutoka pale juu alimwona Mama Uzi karibu kabisa, hatua tatu. Alikuwa ameketi, mikono imelala mapajani, na kidole chake kilikuwa kitupu. Kastabini hakuivaa. Miaka yote Redio hakuwahi kukiona kidole kile bila kofia yake; kilikuwa chembamba na cheupe kidogo kwenye ncha.

"Haya, Redio," baba alisema. "Fundi anasemaje?"

Redio alifungua mdomo. Watu wa mbele walishaanza kutabasamu.

"Siwezi, baba," alisema, na kipaza sauti kikayasambaza maneno hayo ukumbi mzima. "Ile ilikuwa siri yake. Aliniambia mimi nikiwa nyumbani kwake, nami nikakuletea."

Baba alitabasamu kwanza, kama mtu anayengoja mzaha umalizike. Kisha uso ukabadilika, ukawa ule wa nyumbani.

"Mjinga wewe," alisema. Alisahau kipaza sauti. "Mjinga kama mama yako. Nimewavisha, nimewalisha, na shukrani yenu ndiyo hii. Kwanza ulizaliwa kwa bahati mbaya. Toka mbele yangu kabla sijakufundisha adabu hapahapa. Na nyie mnatazama nini? Si ninyi mnaokuja kwangu kila siku kulialia? Wote ni mizigo. Nawabeba wote."

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja alivua kofia, akaitazama, akaivaa tena. Baba alikuja kusikia sauti yake mwenyewe ikirudi kutoka ukuta wa nyuma, akanyamaza. Katibu aligonga kengele, ingawa dakika zilikuwa bado nyingi.

Mama Uzi alisimama. "Ndugu wana-wana-wana..."

Vijana wa nyuma walitazama viatu vyao. Mama Uzi aliingiza mkono mfukoni, akatoa kastabini, akaivaa mbele ya macho yao wote. Akagonga meza yenyewe, si paja, mara tatu, kwa nguvu.

"Wanachama," alisema. "Nina maneno machache, lakini mtanivumilia, maana yanatoka kwa kubishiwa hodi. Zahanati yetu ina vitanda vinne. Tu-tuanzie hapo."

Alisema kwa dakika kumi kamili, akigonga kila alipokwama.

Kisha katibu akatangaza mistari. Baba alisimama kulia, kifua mbele, na fundi kushoto. Mama wa Redio alisimama nyuma yake, wa kwanza, mahali pake pa miaka minane. Watu walisitasita. Hapo mama akashika vizuri mkoba wake, akatoka. Alivuka ukumbi peke yake, visigino vikisikika sakafuni, akaenda kusimama nyuma ya fundi. Baba aligeuka kumtafuta, akakuta nafasi tupu. Baada ya hapo mstari wa kushoto uliendelea kurefuka mpaka ukatoka nje ya mlango.

Nyundo alishindwa. Nyumbani hakupiga mtu wala meza. Kwa wiki tatu alimsemesha Redio kupitia kaka yake: "Mwambie dada yako alete maji." Mama naye alisema neno moja tu, wakiosha vyombo. "Asante." Redio hakujua ni asante ya nini, wala hakuuliza.

Wiki ya nne alikwenda karakana. Alisimama mlangoni muda mrefu kabla ya Mama Uzi kusimamisha cherehani.

"Umekuja kuomba radhi," Mama Uzi aliuliza, "au umekuja niseme wewe ni mtoto mzuri?"

"Kuomba radhi, Mama Uzi. Nilikuuza."

"U-uliniuza, ndiyo. Na shuleni uligonga. Uzi aliniambia." Aliacha maneno hayo yamkae. "Nimekusamehe, lakini nitakumbuka. Sasa nisikilize. Mama yako alinieleza kwamba ulimpa baba yako aibu yangu ili asimguse yeye. Nakuelewa, ni mtoto gani asingefanya hivyo? Lakini hasira za mtu mzima si kazi ya mtoto kuzituliza. Ukimlisha mtu wa namna hiyo aibu ya jirani leo, kesho atataka nyingine, na siku jirani wakiisha atakula ya kwako. Uliyasikia mwenyewe, mbele ya ukumbi mzima. Ukiambiwa siri, itunze. Na nyumbani kukichafuka, njoo useme kwa mtu mzima. Njoo hapa."

Redio alilia, kwa sauti yake mwenyewe, asiyoitumia mara nyingi.

Uzi alikuwa mezani akipima kitambaa kirefu cha mapazia ya zahanati. Hakumwambia karibu wala hakutabasamu. Alijaribu kukinyoosha peke yake, kikamponyoka, akajaribu tena. Mwishowe alivuta pumzi.

"Shika huku," alisema. "Usilegeze."

Redio akashika.