WALINIZIKA MTANDAONI ILI KITABU CHANGU KITOKE

"Pole sana, nyabo. Huyu marehemu ni pacha wako?"

Kizito, mwenye duka la kuchapisha pale Nyamityobora, Mbarara, alinigeuzia simu yake.

Nikaangalia...

Sura YANGU!

Pembeni wameweka mshumaa. Chini yake Kiingereza kingi, Kizito akanitafsiria: "Mchoraji Miriamu wa Nakivale amefariki. Tumalizie ndoto yake."

Jamani! Asubuhi nimekunywa chai na maandazi, nimepanda gari na bahasha ya michoro yangu, nimekuja kuuliza bei ya kuchapisha kitabu. Nimekufa saa ngapi?

"Ni mimi huyo," nikamwambia.

"Banange! Sasa wewe nakufa ama iko mzima?"

"Nishike mkono uone."

Hakunishika. Alirudi nyuma mpaka akagonga mashine.

Sikieni, ndugu zangu. Kambi yetu ya wakimbizi, Nakivale, kuna wamama wengi wa kwetu Kongo, Kivu ya Kusini, ambao nyumba zao zilichomwa na picha zote ndani. Mtu amefiwa na mtoto, hana hata picha ya pasipoti ya kuangalia. Basi nakaa naye. Ananieleza pua, ananieleza macho. Nachora, nafuta, nachora tena. Nilitaka sura zile zitoke kwenye kitabu, wasipotee mara ya pili.

Hela sina. Muhirwa, mtoto wa baba mdogo, ndiye anayejua Kiingereza, akafungua ukurasa wa kuchangisha mtandaoni. Miezi ikapita... kimya! Watu wanaweka kopa, wanapita zao. Kanisani walisema watatuombea.

Na mimi na kitochi changu kisicho na intaneti, ningeona wapi yaliyofuata?

Sasa kwenye simu ya Kizito mchango umejaa mpaka unamwagika!

Nikaomba simu, nikampigia Muhirwa.

"Haloo, nani?"

"Marehemu!"

Nikasikia mlango ukifungwa.

"Miriamu, usipige kelele. Ulipokuwa muzima, nani alikutolea hata shilingi mia?"

"Ndiyo uniue?!"

"Kidogo tu! Kitabu kitoke kwanza. Sijakula kitu, naapa mbele ya Mungu."

Na kweli hakula. Hilo ndilo linaniuma. Angekuwa mwizi ningemlaani nikapumzika.

Kizito akabonyeza video iliyokuwa pale. Ni Mama Gad, jirani yangu, amekumbatia mchoro, analia: "Mutoto yangu! Mutoto yangu!"

Watu walidhani ananililia mimi. Kumbe anamlilia Gad, kijana wake aliyeuawa kule milimani. Mchoro ule ulitutesa! Kila nikimaliza, anatikisa kichwa. Mpaka nilipoweka kovu la pembe ya ndama juu ya nyusi. Akaguna. Akasema, "Karibu, Gad."

Damu ikanichemka. Muhirwa amethubutu kuyachezea machozi ya mama yule!

Shetani naye akaninong'oneza: nyamaza, Miriamu... kaa umekufa, kitabu kitatoka.

Halafu nikaona shangazi yangu ameandika: "Mama yake yuko Uvira, ana presha. Nani atamwambia?"

Aa-aa! Hapo hapo nikarekodi video kwa simu ya Kizito, tukairusha: "Mimi ni Miriamu. Niko hai. Msimwambie mama chochote!"

Weee! Matusi niliyopata!

"Wakimbizi matapeli!"

"Huyu dada anatumia sura ya marehemu!"

Eti natumia sura yangu mwenyewe! Kufika jioni ukurasa umefungwa, kila mtu amerudishiwa mchango wake. Kizito akanirudishia bahasha ya michoro.

Niliporudi Nakivale, nilipita kwanza kwa Mama Gad. Nilimkuta anachambua maharage.

"Mama, unisamehe. Muhirwa alitumia machozi yako bila kukuambia."

"Bila kuniambia?" Hakuinua macho. "Miye njo nilimwambia."

"Ulimwambia nini?!"

"Batu banatoaka franga, pesa, ku matanga. Nikasema, basi tumuweke Miriamu ku matanga, kitabu itoke."

"Mama! Mimi?!"

"Weye ungefufuka. Kitabu ikitoka, unatokea tu, tunacheka. Gad atafufuka na nini?"

Nikachuchumaa, nikaanza kuchambua maharage naye.

Akanyoosha mkono. "Unipe mutoto yangu."

Nikamtoa Gad kwenye bahasha. Akamfunga ndani ya kitenge, akaingia nyumbani kwake, akafunga mlango. Kesho yake wamama wengine wakaja, kila mmoja kuchukua wake. Bahasha ikabaki tupu. Penseli sijaishika tena, na sioni nitaishika kwa ajili ya nani.

Wewe unayesoma hapa, una ndugu anayeshona, anayeimba, anayechora. Usingoje uone mshumaa! Mkono wetu ni mwepesi kwenye matanga, kwenye kazi ya mtu aliye hai unakuwa mzito. Mtolee leo, akiwa bado anapumua, asije akalazimika kufa ndipo mumuone.

Siku hizi nikipita soko la Base Camp wananiita Marehemu. "Marehemu, njoo uchukue nyanya!" Wanacheka. Naitika, nachukua nyanya zangu, naenda.

Juzi mama alinipigia kutoka Uvira. Alikuwa amesikia yote. Alilia, akacheka, akaimba wimbo mzima wa kanisa kwenye simu mpaka salio likakata.

Kati ya watu wote hawa, ni yeye peke yake aliyefurahi kwamba niko hai.