Misuli ya Sandukuni

Fundi Sindano alikuwa mwembamba, na wembamba wake ulipita kiasi. Watu wa mtaa walisema akisimama nyuma ya nguzo ya taa, humwoni mpaka akohoe. Siku moja upepo wa mvua ulimsukuma hadi kona ya pili. Mimi niliiona kona ya kwanza tu, na sipendi kutia chumvi.

Alikuwa fundi cherehani. Aliketi tangu asubuhi hadi jioni, mguu ukikanyaga, mkono ukisukuma kitambaa. Alifanya hivyo kwa miaka kumi na minane. Mwili wake haukujua kazi nyingine.

Chumba cha mbele kilikuwa cha kushonea. Mlangoni palikuwa na kiti cha mikono, na kiti hicho kilikuwa cha mama yake. Mama aliketi pale akishona vifungo vya mashati na kuwaamkia wapita njia. Aliyepita bila kuitikia aliulizwa kama masikio ameyasahau nyumbani.

Kisha Mama aliteleza bafuni, akavunjika nyonga. Hospitali walimtibu, na mfupa ukaunga. Lakini miguu ilikuwa imelala kitandani miezi mingi, ikasahau kazi yake. Ikawa kila asubuhi Sindano anambeba Mama kutoka kitandani hadi kwenye kiti. Mkewe hakuweza kusaidia, kwa sababu alikuwa mjamzito.

Asubuhi moja, katikati ya kitanda na kiti, mikono ya Sindano ilianza kutetemeka. Magoti yakalegea. Wakashuka wote wawili polepole, kama gunia na mwenye gunia. Mama aliangukia juu ya mwanawe na hakuumia.

"Ahsante kwa kuwa godoro," Mama alisema. "Ila godoro lenyewe halina pamba."

Wakacheka, lakini Sindano alicheka kwa midomo tu.

Habari zilimfikia dada yake mkubwa, mpishi wa shule katika mji mwingine. Alikuja haraka, mkono mmoja ukiwa kiunoni, maana sufuria za shule zilikuwa zimeanza kumchosha mgongo. Hakugomba. Aliketi karibu na cherehani, akasema kwa upole, "Mdogo wangu, sikulaumu. Lakini Mama akivunjika tena, tutampoteza. Nitarudi baada ya miezi mitatu, shule zikifungwa. Nikikuta bado unatetemeka, nitamchukua nikae naye."

Mama alisikia yote. Dada aliishi ghorofa ya tatu.

"Huko juu nitamwamkia nani?" Mama aliuliza. "Ndege?"



Kesho yake Sindano alikwenda jimu ya mtaa. Mwenye jimu aliitwa Kifua, na kifua chake kiliingia mlangoni kabla yake. Ada ya mwezi ilikuwa sawa na bei ya dawa za Mama. Sindano akarudi nyumbani na wazo lake. Alichukua makopo mawili ya rangi, akayajaza saruji, akayaunga kwa bomba la chuma. Akanyanyua asubuhi na jioni, kila siku, mpaka macho yakamtoka. Kila baada ya kunyanyua alijipima mkono kwa tepu ya kupimia nguo. Tepu ilipogoma kuonyesha chochote, aliilegeza kidogo. Wateja hakuwadanganya hata siku moja, lakini mkono wake mwenyewe aliudanganya kila asubuhi.

Siku ya saba aliinama kuokota uzi, na mgongo ukagoma. Akabaki amepinda kama ndoano. Mteja mmoja aliingia akadhani anaheshimiwa, akamwambia, "Inuka tu fundi, heshima imefika."

Mkewe alikimbia kumwita jirani. Jirani huyo alifanya kazi hospitalini, kitengo cha mazoezi ya viungo. Tulimwita Dada Magoti, kwa sababu hakuweza kuona mtu anainua kitu bila kumwambia akunje magoti. Alimuuliza Sindano maswali kwanza. Je, maumivu yanashuka mguuni? Mguu una ganzi? Mkojo unatoka vizuri? Alieleza kwamba ganzi au mkojo kugoma ni mambo ya kwenda hospitali siku hiyohiyo. Sindano hakuwa na dalili hizo. Basi akaambiwa aache kunyanyua kwa siku chache, lakini asilale tu, atembee taratibu. Kwa siku hizo Dada Magoti alipita asubuhi kabla ya kazi, akamhamisha Mama yeye, na mke wa Sindano akishika kiti tu.

Mgongo ulipotulia, Dada Magoti alipiga teke dogo kopo la saruji.

"Hili ulianza nalo zito, halafu ukalirudia kila siku. Wewe unahitaji misuli, siyo saruji."

Kutoka mlangoni Mama akadakia, "Misuli? Mbona hamkusema? Ipo miwili sandukuni, ya marehemu baba yao. Haijachakaa hata kidogo."

Mke wa Sindano alicheka mpaka akashika tumbo. Dada Magoti naye alicheka, kisha akaitazama nguzo ya baraza.

"Leteni mmoja," alisema.

Msuli uliletwa, kitambaa kirefu cha wanaume cha kujifunga kiunoni, kizito na imara. Dada Magoti aliuvuta pande zote kuona kama umechanika mahali. Akaitikisa nguzo ya baraza, akaona haichezi. Akauzungusha msuli kwenye nguzo, akashika ncha mbili, akajilaza nyuma huku miguu imekita chini. Kisha akajivuta mpaka kifua kikakaribia nguzo. Alifanya mara kumi bila kuhema.

"Huu unajenga mgongo na mikono," alisema. "Ukitaka uwe mgumu, sogeza miguu mbele."

Akamwonyesha na mengine. Kuketi kwenye kiti na kusimama bila kushika kitu. Kusukuma ukuta kwa mikono, na ukuta ukishakuwa rahisi, kusukuma ukingo wa meza ya kukatia, na mwisho sakafu. Kwa kunyanyua, alimwambia ashone mfuko imara wenye mishikio miwili, autie mchanga kidogo. Kazi ya kushona Sindano hakufundishwa. Alishona mfuko kwa turubai, mshono mara tatu, na ndani akaweka vifuko vidogo ili mchanga uongezwe kikombe kimojakimoja. Alikuwa na hamu kiasi kwamba alitaka kuanza kuutumia siku hiyohiyo, jioni na kesho yake asubuhi.

Dada Magoti alikataa. Siku tatu kwa wiki zinatosha, alisema, na katikati siku ya kupumzika. Kila zoezi mara nane hadi kumi na mbili, kisha pumzika, kisha tena, mpaka mizunguko mitatu. Mara mbili za mwisho ziwe ngumu, lakini mgongo ubaki umenyooka na pumzi isibanwe. Ukifika kumi na mbili bila taabu, ongeza kikombe. Maumivu makali yakija, acha.

"Sasa nikipumzika nitapataje nguvu?" Sindano aliuliza.

"Fundi, mteja akinenepa, suruali unaifanyaje?"

"Naachia mshono kidogo."

"Ukiuachia wote kwa siku moja?"

"Inachanika makalioni."

"Basi wewe ulichanikia hapo. Kunyanyua kunauamsha mwili. Mwili unajijenga ukipumzika, ukila na ukilala."

Akauliza wanakula nini. Alipoona chai na mkate vimetawala, aliwaambia waongeze maharage, mayai, karanga na maziwa kadiri mfuko unavyoruhusu. Unga wa kujenga misuli, ule unaouzwa jimu kwenye makopo, hakuwa na haja nao. Maharage hayana picha ya mtu mwenye kifua, alisema, lakini kazi yanaijua.

Kisha akamgeukia Mama.

"Na wewe Mama, nani alikwambia umestaafu?"

Mama akasema umri wake ni wa kupumzika. Dada Magoti akamwambia misuli haiulizi tarehe ya kuzaliwa. Hata mzee huongeza nguvu akifanya mazoezi yanayomfaa. Wakaenda hospitali kwanza. Daktari akaupiga mfupa picha, akakubali Mama afanye mazoezi.

Sindano alishona mito mitatu migumu, akaipanga kwenye kiti. Kiti kikiwa juu, kusimama ni rahisi. Dada Magoti aliukunja msuli, akaufunga kiunoni mwa Mama kama mshipi. Akamfundisha Sindano kushika hapo, siyo kumvuta mikono wala makwapa. Mama asogee ukingoni, miguu irudi nyuma, ainame mpaka pua ipite juu ya vidole vya miguu. Sindano akunje magoti, asimame karibu. Wahesabu pamoja.

"Usimbebe," Dada Magoti alisisitiza. "Msaidie. Nguvu aliyonayo, aitumie."

Siku ya kwanza Mama aliinuka kimo cha kifungo. Kifungo cha koti, lakini, siyo cha shati.

Wiki tatu zikapita. Sindano alipima mkono, tepu haikusogea. Akakata tamaa, akamwambia mkewe kwamba anajitesa bure. Mkewe akalishika tumbo lake.

"Mimi sijanyanyua hata kijiko, na hili linakua," alisema. "Endelea tu, mume wangu. Labda lako ni la miezi tisa."

Dada Magoti alipopita aliichukua ile tepu, akaitia mfukoni. Alimwambia asipime unene, ahesabu kazi. Tangu hapo Sindano alichora mistari ukutani kwa chaki ya kukatia nguo. Ukuta ukasema ukweli ambao tepu haikuusema. Mara saba zikawa kumi na mbili. Kusukuma ukuta kukawa kusukuma meza. Mfuko ulioanza na vikombe vinne vya mchanga ukafika kumi na sita. Mito ya Mama ikawa miwili, kisha mmoja. Jirani mmoja anaapa kwamba Sindano aliinua cherehani kwa kidole. Hilo nalikanusha, alitumia mikono yote miwili.

Miezi mitatu ikatimia. Dada alifika asubuhi na gari la kukodi. Mkono ulikuwa kiunoni kama kawaida. Alianza kukunja nguo za Mama na kuzitia ndani ya begi.

"Dada," Sindano alisema, "tazama kwanza. Ukiona mkono umetetemeka, mchukue."

Dada aliacha begi wazi, akasimama kando ya ukuta.

Mama aliketi ukingoni mwa kitanda. Kitandani hapakuwa na mto wa kumwinua. Sindano aliufunga msuli, akakunja magoti, akashika. Pua ya Mama ikapita juu ya vidole.

Wakahesabu pamoja. Moja. Mbili. Tatu.

Sindano alikuwa tayari kwa uzito, lakini haukuja. Mama alikuwa amesimama, na msuli umelegea mikononi mwa Sindano. Alikuwa amejiandaa miezi mitatu kumwinua mama yake, na siku yenyewe hakuinua kitu. Akabaki ameshika tu, Mama asije akaanguka. Wakatembea hatua moja, nyingine, mpaka mlangoni. Mama alishuka kwenye kiti chake polepole, mwenyewe, kama mtu anayeingia kwenye gari lake.

Kisha akamwona dereva nje. "Wewe kijana wa gari, umelala salama? Au huko mnakotoka watu hawasalimiani?"

Dada alizirudisha nguo kabatini. Ilimchukua muda, kwa sababu kila mara alisimama kufuta macho. Alipomaliza alikuja mlangoni, mkono kiunoni, akaushika ule msuli kwa vidole.

"Na mimi msuli ungenifaa, na sufuria zinavyonichosha mgongo," alisema.

"Umebaki mmoja sandukuni," Mama alimjibu. "Uchukue, ukauvute nguzoni. Ila usiuvae."