Juni au Desemba

Eucabeth alikutana na Dominic uwanja wa ndege wa Riyadh, siku moja kabla ya Idi, watu wakikanyagana kwa haraka zao. Alikuwa amefuatana na madam wake kutoka Jeddah, abaya nyeusi imemfika viatuni, mtandio wa manjano ukichungulia usoni, na mapacha wa madam wakimvuta mmoja huku na mwingine kule.

"Mtaniua nyinyi watoto," alinung'unika kwa Kiswahili.

Mwanamume mrefu aliyevaa shati la kaki la kampuni, aliyekuwa akisubiri mizigo, akamgeukia. "Usife kabla hujaniambia jina lako."

Alikuwa dereva wa lori kwenye maghala ya Al-Sulay, hapo Riyadh, Mkenya kama yeye. Walipeana namba, na kwa mwaka mzima penzi lao likaishi kwenye simu.

Kisha likaja jambo la treni. Madam alitaka kuipanda ile ya Uswisi inayokatiza juu ya milima, lakini hakujua aende msimu gani. Watoto walitaka theluji. Yeye aliogopa baridi. Akamwachia Eucabeth achague, kwa kuwa ndiye atakayewashika watoto. Wakienda Juni, likizo yake ya kwenda Kenya itabaki palepale Desemba. Wakienda Desemba, likizo itasogea hadi Machi. Ajibu kabla ya Ijumaa.

Eucabeth alimpigia Dominic akiwa jikoni, akidhani watacheka tu. Dominic akageuka mtaalamu. Juni, alisema, milima ni kijani kibichi, maua yamejaa kando ya reli, na jua halizami hadi saa tatu usiku. Desemba mawingu hushuka, na saa kumi na nusu giza limeshaingia; atazunguka milima asiione.

"Umeyajulia wapi, na Al-Sulay ni vumbi tupu?"

"Nimesikia tu, mrembo. Chagua Juni."

Nyuma ya Dominic, kwenye simu, sauti ya mwanamke ikasema, "Mwambie baridi ile si mchezo."

Eucabeth aliacha kukata vitunguu. "Nani huyo?"

"Mtu wa kazini," Dominic alijibu, akaaga haraka.

Mtu wa kazini, kwenye maghala ya wanaume pekee. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba Juni ndiyo likizo ya Dominic. Yeye angekuwa milimani na watoto wa watu, Dominic akiwa nyumbani Kenya na anayemjua mwenyewe. Alimsimulia Damaris, aliyefanya kazi nyumba ya jirani, walipokutana kutupa taka. Damaris hakumtuliza.

"Mwanamume akikuchagulia siku ya kusafiri," alisema, "kuna siku anayoihitaji yeye."

Alhamisi Eucabeth akamwambia madam: Desemba. Simu za Dominic akaziacha zilie.

Siku ya nne kaka yake Elly akapiga kutoka Kisii, akataka kujua Dominic ni mtu wa tabia gani. Dominic alikuwa amempigia baba, akaomba kuja Juni na mjomba wake kujitambulisha, na Desemba, Eucabeth akiwa likizoni, walete mahari. Aliwasihi wanyamaze, ili amwambie mwenyewe. Eucabeth aliketi juu ya gunia la mchele. Aibu ilimjia kwanza, halafu hasira.

Wiki hiyohiyo Dominic alileta mzigo Jeddah, akamsubiri mbele ya duka moja pale Al-Rawdah, mtaani kwa madam, Eucabeth alipotumwa maziwa. Walisimama mbalimbali, kama wasiojuana.

"Sauti ile ni ya Valentine, anasafisha ofisi yetu," alianza. "Mabosi wake wa zamani walimpeleka Uswisi mara mbili, Juni na Desemba. Nilimwomba anieleze."

"Ungesema ni Valentine. Ungesema una shughuli na baba yangu."

"Nilitaka iwe furaha ya ghafla."

"Mambo ni yangu, na kila mtu aliyajua isipokuwa mimi. Nikakuona mwongo."

Dominic hakujitetea. Aliomba msamaha, halafu akauliza kwa woga kama madam anaweza kurudishwa kwenye Juni.

"Tikiti zimeshakatwa. Na mimi nataka kuiona theluji." Alihamishia mfuko wa maziwa mkono wa pili. "Wazee waje Machi. Lakini kwanza uniulize mimi."

"Hapa barabarani?"

"Hapa."

Akamuuliza polepole, akimwita jina lake kamili. Eucabeth akasema ndiyo, akageuka upesi ili mwenye duka asimwone akilia.